Maji ya Anayefua

Shangazi yangu hakuwahi kunipiga. Naliweka hili mwanzo kabisa kwa sababu kila nikianza kumsimulia, watu hukimbilia kuuliza habari za fimbo. Hapakuwa na fimbo katika nyumba ile. Fimbo huacha alama, na shangazi alichukia alama, iwe ukutani, kwenye kikombe au kwenye ngozi ya mtoto. Alikuwa bibi afya wa kata, na nyumba yake ya Mkonze ilikuwa kaya ya mfano. Wageni waliletwa kuitazama, wakaoneshwa choo chetu kwa fahari ambayo watu wengine huioneshea sebule.

Nitamtendea haki, ingawa yeye haki yangu haikumkosesha usingizi. Kila alichofundisha kilikuwa sahihi. Maji ya kunywa yalichemshwa, yakapozwa kwenye mtungi wenye kifuniko, yakachotwa kwa kata yenye mpini mrefu ili vidole visiyaguse. Kando ya mlango wa choo kilining'inia kibuyu chirizi, chenye tundu dogo na kamba ya kuvuta kwa mguu, ili mtu anawe bila kukishika. Jiko lilikuwa la udongo, limejengwa kubana moto, likila kuni chache. Maganda na majivu yalikwenda kwenye shimo la mboji. Tulikula ugali wa uwele, mlenda, kunde na mchicha wa nyuma ya nyumba, na soda ilikuwa marufuku hata Krismasi. Sokoni tulikwenda na kikapu. Mifuko ya nailoni ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kumwagika madukani, na upepo wa Dodoma ulikuwa umeshaitundika kwenye kila mti wa miiba kuanzia reli hadi milimani. Shangazi akiiona alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli.

Kauli yake kuu ilikuwa kwamba maji lazima yafanye kazi mara mbili ndipo yaruhusiwe kwenda ardhini. Maji yaliyonawiwa yalikwenda kunyunyizia vumbi uani. Maji yaliyooshea mchele yalipikiwa uji. Hakuna tone lililoondoka bila kutumwa, na mimi nilikuwa kama maji hayo. Wageni waliandika, walipiga picha, waliuliza anawezaje kutunza kaya namna ile huku akiwa kazini mchana kutwa. Alijibu kuwa ni mazoea tu, mtu akizoea haoni kazi. Mazoea yenyewe yalikuwa yamesimama nyuma yake, yameshika ndoo. Kaya ya mfano ilikuwa na mikono miwili tu, na yote miwili ilikuwa yangu.

Nilifika pale baada ya darasa la saba. Mama alifariki nikiwa sijaanza shule, na baba alinilea huko Mlali kwa jembe na karanga. Sikuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali. Kijijini mambo yangeishia hapo, lakini zilikuwa nyakati za ruksa. Duka lilikuwa ruksa, basi ruksa, gazeti ruksa, hata chama cha pili kilikuwa kinakaribia kuwa ruksa, na shule nazo zikafuata. Watu walianza kufungua sekondari za kulipia, na mtoto aliyeachwa na serikali aliweza kusoma kama ana wa kumlipia. Baba hakuwa na cha kulipia. Alikuwa na dada mwenye mshahara.

Akanipeleka Mkonze na gunia la karanga na jogoo aliyefungwa miguu. Alimwamkia dada yake shikamoo akiwa ameinama, kama mtu anayeomba, na kweli alikuwa anaomba. Alimwambia, dada, huyu ni wako sasa. Shangazi akamtazama jogoo kwanza, halafu mimi. Akasema kuna sekondari inajengwa ukingoni mwa mji, itafunguliwa Januari ijayo, na kwamba tutaona.

Ile "tutaona" niliibeba mwaka mzima. Niliitaka shule kupita kiasi, kuliko inavyofaa mtu kutaka kitu asichokuwa na uwezo nacho. Nilisoma magazeti yaliyofungiwa nyama, na damu yake. Nilisoma maandishi ya kopo la maziwa. Nikiwa bombani kwenye foleni ya ndoo nilisema peke yangu hesabu za darasa la saba ili zisinitoke. Baba alilijua hilo, na shangazi alilijua siku ya kwanza tu, maana nilimuuliza habari za shule kabla hata ya kupumzika.

Pale nyumbani palikuwa na binamu yangu, binti pekee wa shangazi, rika langu. Naye hakuchaguliwa, naye alikuwa anaisubiri Januari. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mvivu kwa moyo mweupe, na alipenda kuoga. Mumewe shangazi alikuwa ofisa Dar es Salaam, akiisubiri serikali ihamie Dodoma kama ilivyoahidi, na kwa kuwa serikali haikuwa na haraka naye hakuwa nayo. Alikuja mara chache na mkate wa mjini. Kwa hiyo tulikuwa wanawake watatu na ua uliofagiwa.

Mvua zilipokuwa zinakaribia kukatika, shangazi alirudi kutoka kwenye bustani ya miche ya manispaa na miche minne ya milimau. Kila asubuhi alikunywa maji ya uvuguvugu yenye limau kabla ya chai, na alisema ni upuuzi kununua limau sokoni wakati ardhi ipo. Mmoja ulikuwa wake, mmoja wa binamu, mmoja wangu. Wa nne aliuacha kwenye kopo lake kivulini, akasema huo una mwenyewe. Tukachimba mashimo, tukatia mboji, tukapanda. Kisha akatusimamisha mbele ya ile miti kama wanafunzi wa mstarini.

"Mti ni mtoto asiyelia," akasema. "Ukisahau kuunywesha haukukumbushi. Anayeweza kutunza mti ataweza kutunza kitabu. Januari nitaitazama miti kwanza, ndipo niwatazame ninyi."

Nilifurahi. Nataka hilo lieleweke, kwamba nilifurahi kiasi kwamba usingizi ulinipaa. Mtihani wa serikali ulikuwa umenishinda, sawa, lakini huu ulikuwa mtihani wa kunyweshea mti, na mimi ni mtoto wa mkulima. Nilimtazama binamu yangu, ambaye alikuwa hajui hata jembe linashikwa upande gani, nikamwonea huruma.

Kiangazi cha Dodoma hakibembelezi mtu. Maji ya bomba yalikuwa ya kunywa na kupikia tu, na mti haukuruhusiwa kuonja hata kikombe. Miti ilipewa maji yaliyokwisha fanya kazi, na shangazi ndiye aliyeyagawa. Maji yake ya kuoga yalikwenda kwenye mti wake. Ya binamu yalikwenda kwenye mti wa binamu. Yangu ya kuoga yalikwenda kwenye tuta la mchicha, kwa sababu mchicha ni wa wote, na mimi, alisema, ndiye mwenye moyo wa wote. Nikauliza mti wangu utakunywa nini.

"Maji ya kufulia ni ya anayefua," akajibu. "Na anayefua ni wewe."

Binamu akanuna. Alilalamika kwamba napendelewa, maana yeye ana beseni moja la kuoga na mimi nina ndoo na ndoo za kufulia, na kwa kweli kwa wingi nilimpita mbali. Shangazi akamwambia anyamaze, mwenye kazi nyingi ana haki ya maji mengi. Nililala usiku ule nikijua kuwa shangazi yangu ni mtu wa haki.

Sasa nisimulie sabuni. Miaka ya nyuma yake sabuni ilikuwa kitu cha foleni. Kule Mlali tulifulia kipande cha sabuni hadi kikawa chembamba kama ukucha, na kikiisha tulijua la kufanya kwa majivu. Ruksa ilipokuja ikaja na sabuni ya unga ya nje, kwenye vipaketi vya rangi vinavyong'aa, vimening'inizwa kwa mikufu kwenye kila kioski. Ilitoa povu kama maziwa yanayochemka. Shangazi, aliyekataa mfuko wa nailoni, aliyekataa soda, aliipenda sabuni ile kwa sababu ya sare yake nyeupe ya kazi. Hakuna kilichoing'arisha kaya ya mfano kuliko sabuni ya unga. Aliniambia niitie bila kubania, uchafu hauogopi ubahili.

Basi nilifua, nikabeba povu lile hadi kwenye mlimau wangu, nikalimwaga shinani polepole ili lisipotee. Mwanzo mti ulishukuru. Ulitoa majani mapya, ukaupita wa binamu kimo, nami nikaanza kutembea kama mtu aliyekwisha kununuliwa daftari. Halafu, kiangazi kilipokolea, majani yakaanza kuungua pembeni. Rangi ya kahawia ilianzia kwenye ncha, ikatambaa ndani, na jani likaanguka likiwa bado nusu kijani. Juu ya udongo palifanyika ukoko mweupe. Niliuvunja kwa kijiti, nikaongeza maji.

Shangazi alipita asubuhi moja akielekea kazini, sare yake ikiwa nyeupe ya kuumiza macho. Akasimama, akaugusa mti.

"Una kiu, mwanangu," akasema. "Ongeza."

Nikaongeza. Nguo za nyumba yetu zikawa hazitoshi, nikaanza kutafuta za kufua. Niliosha mapazia safi. Niliosha matandiko ya kitanda cha mumewe shangazi ambacho hakilalwi. Mwisho nikavuka uzio nikaenda kwa majirani. Upande mmoja alikaa mwalimu na mkewe mwenye mtoto mchanga, upande wa pili kijana wa ofisi za chama na wenzake wapangaji, wote watu wa mbali, na nyuma yetu bibi mmoja wa hapo hapo aliyeniamkia kwa Kigogo, "mbukwenyi", kila asubuhi na kuniuliza kama kwetu hakuna kulala. Niliwaomba nguo chafu. Sikutaka malipo, nilitaka maji yake tu, na kwa kuwa hakuna mtu anayekataa kufuliwa bure, nguo zikaja mabunda kwa mabunda. Mke wa mwalimu aliona haya, akawa ananipa vipaketi vya ile sabuni kama asante. Vilivyozidi nilivihifadhi kwenye sanduku langu la bati.

Sijui kama yupo mtu mwingine duniani aliyewahi kuomba nepi za watoto wa watu ili apate kwenda shule. Ngozi ya vidole vyangu ilipasuka. Ilipasuka kwenye viungo, ikaingia sabuni, na nilipokamua shuka nilikuwa nauma meno. Kila jioni nilibeba ndoo kichwani kutoka kwa majirani hadi kwenye mti wangu, na kila wiki mti ulikuwa na majani machache zaidi. Wa binamu, ulionyweshwa beseni moja la maji ya kuogea, maji ya mtoto mvivu anayeimba bafuni, ulikuwa unanawiri. Binamu mwenyewe alikuwa anausahau siku nyingine, na mti haukujali. Ndipo nikaanza kuamini kwamba nina kasoro.

Katikati ya hayo wageni walikuja. Siku za wageni zilikuwa njema kwa tumbo, mgeni njoo mwenyeji apone, tukachinja kuku na hata mimi nikapata kipapatio. Shangazi akawazungusha. Akawaonesha jiko, kibuyu, shimo la mboji, kisha milimau. Akaeleza kuwa kila mtoto wa nyumba hii ana mti wake, ajifunze wajibu. Huu ni wangu, akasema. Huu ni wa binti yangu. Walipofika kwenye kile kijiti changu alinishika bega kwa upole.

Akasema huu ni wa mtoto wa kaka yangu, bado anajifunza. Mgeni mmoja, mama mnene mwenye miwani, alinitazama kwa huruma akasema usikate tamaa, mwanangu, hata sisi tulianza hivyo. Nilitamani ardhi inifunike. Shangazi aliendelea kunishika bega mpaka picha ilipopigwa, na mahali fulani katika kabati la ofisi fulani nimesimama hadi leo, nikiwa mfano wa uzembe unaorekebishika.

Januari ilifika. Baba akaja kutoka Mlali, na shati lake zuri, kusikia ile "tutaona" imekuwa nini. Shangazi hakumwambia lolote sebuleni. Alimkaribisha maji ya limau, akamuuliza habari za mvua, kisha akasema twende uani. Akasimama mbele ya miti mitatu na kukunja mikono. Miwili ilikuwa ya kijani. Wangu ulikuwa fimbo.

Baba akainama. Alishika tawi kwa vidole viwili, likakatika bila sauti ya maana. Akaliangalia, akaniangalia.

"Mti tu, mwanangu?" akasema.

Nilijaribu kueleza. Nikasema niliumwagilia kila siku, tena kuliko wote, waulize majirani, nikamwonesha na vidole. Shangazi akasema kwa masikitiko kwamba ni kweli, mtoto hakukosa bidii, bali wengine Mungu hajawapa mkono wa kutunza, na si dhambi. Baba akatikisa kichwa. Alimwomba dada yake msamaha kwa ajili yangu. Wakakubaliana nibaki pale nisaidie nyumbani, nijifunze mazoea mema, huenda yakanifaa nikiolewa. Wakati wa kuondoka shangazi akamkabidhi ule mche wa nne uliokuwa kwenye kopo, zawadi akapande kwake. Baba aliubeba kifuani kwa mikono miwili hadi stendi. Mimi nilibeba mfuko wake.

Binamu alianza shule Jumatatu. Sare yake niliifua mimi. Na kwa kuwa mti wangu ulikuwa umeng'olewa, niliuliza maji ya kufulia sasa yaende wapi. Shangazi akajibu bila kufikiri kwamba niyatupe kwenye shimo la nje ya ua, mbali na miti. Nikayatupa huko miezi na miezi. Mtu akishakubali kuwa ana mkono mbaya hana maswali.

Kilichonifumbua macho kilitokea Chamwino, kiangazi kilichofuata. Shangazi alialikwa kuwafundisha wanawake wa huko mazoea ya afya, akanichukua nimbebee vifaa. Tulikutana uani kwenye zahanati, wanawake wameketi chini kwenye kanga zao, watoto mgongoni. Mimi nilisimama pembeni ya shangazi nikimpokeza kibuyu, ndoo, kipande cha sabuni, kadiri alivyohitaji. Alikuwa mwalimu mzuri, nalisema tena. Aliwachekesha. Aliwaonesha kunawa, kufunika chakula, kutumia maji mara mbili. Ndipo mwanamke mmoja, mkulima, akanyoosha mkono akauliza: haya maji ya kufulia, naweza kunyweshea mpapai wangu?

"Umefulia nini?" shangazi akamuuliza. "Kama ni sabuni ya kipande, kidogo kidogo, si vibaya. Lakini hii ya unga ya siku hizi, mama, usithubutu kuimwaga shinani. Ina magadi. Mwanzo mti utanawiri, utasema umeula. Halafu majani yataungua pembeni, udongo utafanya ukoko mweupe, na mti utakauka huku umelowa. Ukiona hivyo watu watakwambia una kiu, ongeza. Ukiongeza umeua. Nimeliona kwa macho yangu, nyumbani kwangu, kwenye mlimau."

Wanawake wakaguna kwa masikitiko. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Shangazi akanyoosha mkono bila kunitazama, akisubiri nimpe kibuyu, nami nikampa. Ndivyo mwili ulivyozoezwa.

Sikuliuliza mpaka tulipokuwa barabarani tukisubiri gari la kurudi mjini. Jua lilikuwa linazama na vumbi limetufunika. Nikamwuliza kama alijua.

"Nilijua," akasema.

Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia. Hakukasirika. Alivua kilemba, akakung'uta vumbi, akakifunga upya, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kufundishia.

"Ningekwambia nini? Kwamba mshahara wangu unamtosha mmoja, na huyo mmoja nimemzaa mimi? Ungenichukia, na mtu anayekuchukia hafui nguo zikatakata. Mti ulipokufa ulijichukia mwenyewe. Ukaendelea na kazi, na nyumba ikawa na amani." Akaitazama barabara kama gari linakuja, halikuwa linakuja. "Na usinitazame mimi peke yangu. Wazo la kukupa mti ni la baba yako. Mimi nilichagua maji tu."

Kisha akafungua kikapu, akatoa chupa ya maji yaliyochemshwa, akanipa. Alisema sijanywa maji tangu asubuhi na si vizuri kwa figo. Nilikunywa. Nilikuwa na kiu.

Nilikaa Mkonze muda wa kumaliza nguo zilizokuwa zimelowekwa, kwa sababu nguo hazina kosa. Nikaliaga tuta la mchicha, nikamuaga binamu, aliyelia na kunipa kalamu yake moja, nikapanda lori la mazao na sanduku langu la bati kwenda Mlali.

Baba nilimkuta uani anamenya karanga za mbegu. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza yote tangu mwanzo, ya sabuni, ya majirani, ya Chamwino. Nilitegemea asimame. Nilitegemea angalau aache kumenya. Aliendelea, ganda huku, mbegu kule, mpaka nilipofika mwisho.

"La sabuni silijui," akasema. "Hiyo ni elimu ya shangazi yako. Mimi nilimwambia tu, mpe kitu akitunze kimshinde. Uliishika shule kama kupe, mwanangu. Ningekukatalia mimi, ungenilaumu maisha. Mtu akishindwa mwenyewe hulala mapema."

Nikamwuliza, na kama nisingeshindwa?

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeulizwa na mtoto kwa nini mbuzi haendi kanisani. Akasema mlimau kwa kiangazi cha Dodoma, kwa maji ya foleni, utamwacha nani usimshinde. Halafu uso ukamng'aa. Akanyanyuka, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba.

"Lakini wangu umeshika," akasema. "Njoo uuone."

Ulikuwa umeshika kweli. Ule mche wa nne ulikuwa umefika kifuani pake, majani mazito ya kijani, na kwenye tawi moja palikuwa na maua. Alikuwa ameujengea uzio wa miiba mbuzi wasiufikie. Aliniambia anaunywesha maji ya kunawia, asubuhi na jioni, na kwamba watu wanatoka mtaa wa pili kuja kuutazama. Aliniambia ua lina harufu, ninuse. Nilinusa.

Shule niliisoma baadaye, ukubwani, madarasa ya jioni, kwa pesa yangu mwenyewe, nikiwa na watoto wawili nyumbani. Nimesoma vya kutosha kuyaandika haya. Mpaka leo nachemsha maji, nafunika mtungi, nakwenda sokoni na kikapu, na maji yangu yanafanya kazi mara mbili. Wanangu wananiona mtu wa mazoea mema. Sijawahi kumwambia yeyote nilikoyachukulia.

Kule Mlali nilikaa na baba kiangazi kile chote. Siku iliyofuata baada ya kufika nilifungua sanduku la bati, nikatoa vile vipaketi nilivyopewa na mke wa mwalimu, nikavipanga juu ya mkeka. Vilikuwa vingi. Nikamwambia baba alete nguo zake. Nilimfulia mashati, makoti, mashuka, blanketi la baridi, kofia ya kanisani. Zilipokwisha nilifua magunia ya karanga. Nilipofua sikubania sabuni, na kila nilipomaliza nilibeba ndoo hadi nyuma ya nyumba, nikafungua uzio wa miiba, nikamwaga polepole shinani ili lisipotee tone.

Baba alikuwa anakaa mbele ya nyumba jioni na majirani zake, amevaa shati linalong'aa. Nilimsikia akiwaambia kwamba watoto wa siku hizi wakienda mjini hurudi wameharibika, lakini huyu wake amerudi na mazoea mazuri sana, hata maji ya kufulia hamwagi ovyo, anaupelekea mti wake.